Kutoka Sakina Hadi Bondeni kwa Miguu

Wageni wengi hufika Arusha wakiwa na haraka ya kuondoka. Wanalala usiku mmoja, alfajiri Landcruiser inawabeba kwenda Tarangire, Ngorongoro au Serengeti, na mji wenyewe hawausimulii kamwe. Sisi wakazi nasi hatuwazidi sana. Tunapanda kifodi Sakina, tunainamia simu, tunashuka mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika jiji hili, na wengi wetu nyumba za ibada za majirani zetu tunazijua kwa ukuta wa nje tu.

Nilitenga Ijumaa moja, nikafunga viatu vya kutembelea, nikaamua kushuka kwa miguu kutoka Sakina hadi Bondeni. Nia yangu ilikuwa kuingia kila nyumba ya ibada itakayonipokea, na kula jirani nayo. Nilichokiona njiani ndicho ninachotaka kukitetea hapa: Arusha kila imani ilikuja na watu wa kazi fulani, na watu hao walikuja na chungu chao. Anayefuata milango ya ibada pamoja na vyakula vinavyopikwa karibu yake anaipata historia ya mji huu nzima, kuanzia mlimani hadi sokoni.

Sakina asubuhi ni barabara kwanza. Hapa ndipo lami ya kutoka Namanga inapoingia kwenye njia nne zinazokwenda hadi Tengeru, kilomita 14 hivi, na malori ya Nairobi yanapita yakinguruma hata kabla jua halijachomoza. Kando ya barabara, chini ya turubai, mama mmoja alikuwa ameshainjika sufuria mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu kiti. Nikuwekee ya mbuzi au makongoro?"

Nikaomba ya mbuzi. Ilikuja ikiwa na mafuta yanayoelea juu, kipande cha mbavu, kipande cha utumbo, chumvi kwenye kisahani, ndimu iliyokatwa, pilipili mbichi ya kuponda na chapati iliyotoka kwenye kikaango muda ule ule. Mezani tulikuwa na utingo wa lori, kijana wa toyo, yaani bodaboda, na mwalimu aliyekuwa akiwahi kazini. Utingo akasema bismillahi, mwalimu akafanya ishara ya msalaba, wote wakachovya chapati kwenye supu ya sufuria moja. Nilimuuliza mama nani amemchinja yule mbuzi. Akajibu, "Muislamu, baba. Hapa kila mtu lazima ale." Desturi hiyo ya kumwachia Muislamu kisu imeenea katika miji yetu mingi, na haikuandikwa popote mezani pale. Ni makubaliano ya watu wanaotaka kula pamoja, na kwangu yalikuwa funzo la kwanza la siku ile.

Mlima Meru ulikuwa wazi. Una mita 4,566, na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Kutoka Sakina unaonekana uko karibu mno, na nilianza kwa kuupa uso, nikiacha lami na kuingia njia za udongo zinazopanda kuelekea Ilboru, kati ya migomba, mibuni michache na mifereji ya maji yanayoteremka kutoka msituni.

Kabla ya kanisa, palikuwa na mti. Waarusha ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha, kwa mpangilio wa rika na kwa jina wanalomwitia Mungu, Enkai; tofauti ni kwamba hawa walishika jembe, wakalima mteremko huu tangu karne ya 19. Mtini mkubwa unaoitwa oreteti wanauheshimu kama Wamaasai wanavyouheshimu. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alinikuta nimesimama chini ya mtini wa namna hiyo, nikiangalia mizizi iliyoshuka kutoka matawini na kugeuka mashina mapya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nyumba ya nani?"

Nilipomwambia natembelea mahali watu wanaposali, aliweka panga chini akanionyesha upande wa shina unaoelekea mlimani. Akasema wazee walikuwa wakikutana hapo mvua inapokawia, wakileta maziwa na pombe ya asali, na kwamba mpaka leo hakuna anayethubutu kukata tawi lake kwa ajili ya kuni. Yeye mwenyewe ni Mlutheri na mzee wa usharika. Nikamuuliza kama mambo hayo mawili hayagombani. Akasema, "Mti huu ulikuwepo babu yangu anazaliwa. Mimi siusujudii. Lakini kuukata? Hapana."

Alinikaribisha kwake. Mkewe, ambaye nilimwamkia kwa jina la yeyo, yaani mama, kama ilivyo heshima ya huku, alitupakulia loshoro: mahindi yaliyokobolewa na kupikwa hadi yakalainika, yakachanganywa na maziwa ya mgando. Wengine huongeza ndizi. Ladha yake ni uchachu wa maziwa kwanza, kisha utamu mdogo wa mahindi, na bakuli moja linamtosha mtu mpaka jioni. Ni chakula cha watu wanaolima na kufuga kwa pamoja, mahindi ya shambani na maziwa ya zizini ndani ya bakuli moja, na mtu asiyejua Waarusha ni akina nani angeweza kuanzia hapo.

Kanisa la Ilboru lina historia inayopaswa kusemwa kwa ukamilifu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, upande wa Wameru, wakauawa. Kapteni wa Kijerumani Kurt Johannes akaja kutoka Moshi kulipiza kisasi. Mifugo ikatekwa, migomba na nyumba zikateketezwa. Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga huko Moshi viongozi kadhaa, Mangi Meli wa Wachagga wa Moshi akiwa mmoja wao, pamoja na viongozi kutoka Arusha na Meru. Mwaka huo huo Boma la Arusha likakamilika kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi. Misheni ya Ilboru ilianza mwaka 1904, kivuli cha mambo hayo kikiwa bado juu ya kila ua.

Nilijiuliza imekuwaje watu waliotendewa hivyo wakalipenda kanisa kiasi hiki. Jibu nililipata kidogo kidogo kwa kukaa. Kina mama walikuwa wakifagia, wakibadilisha maua ya madhabahuni na kuimba wanapofanya hivyo, ubeti mmoja kwa Kiswahili na unaofuata kwa Kimaasai, sauti ya kwanza ikitangulia na nyingine zikiipokea kwa chini. Wimbo ule Leipzig hawawezi kuutambua. Waarusha walichukua kilicholetwa, wakakipa sauti yao, wakakitumia kupata shule na dawa. Shule ya Sekondari Ilboru, ambayo leo ni ya vipaji maalumu chini ya serikali, ilianzishwa na Walutheri hawa hawa. Mama mmoja alinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akanipa andazi, akaniambia nije Jumapili nikasikie kwaya yenyewe.

Kutoka Ilboru unateremka. Maji yote ya Arusha yanateremka pamoja nawe: Themi, Naura, Ngarenaro, mito midogo iliyolivuta jiji hili hapa lilipo. Nilivuka barabara kuu karibu na Chuo cha Ufundi, nikaingia Kaloleni.

Kaloleni kuna nyumba isiyo ya dini ambayo nayo ina mahujaji wake. Katika ukumbi wa hapo, tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU chini ya Mwalimu Nyerere ilipitisha Azimio la Arusha la ujamaa na kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari. Tangu 1977 ukumbi huo ni Makumbusho ya Azimio, na hatua chache kutoka hapo kwenye mzunguko kuna mnara wa Mwenge. Ndani ni picha, fimbo, nakala za hotuba na ukimya. Kundi la wanafunzi lilikuwa likiandika kwenye madaftari; mwalimu wao aliwasimamisha mbele ya picha ya kikao akawaambia, "Viti hivyo walivyokalia vilikuwa vya kawaida kabisa." Nje, mama lishe alikuwa akipakua ugali, maharage na mchicha kwa mafundi na makarani waliokaa benchi moja. Sidhani kuna mlo unaofaa zaidi mlangoni pa nyumba ile. Niliweka nafasi tumboni, kwa sababu adhana ya Ijumaa ilikuwa inakaribia.

Bondeni, jirani na Soko Kuu, saa sita na nusu mitaa inabadilika. Wauza vitambaa wanashusha milango nusu, kanzu zinatokea kwenye vichochoro, watu wanatandika mikeka hadi barazani kwa sababu ndani ya Msikiti wa Ijumaa hapatoshi. Uislamu ulifika sehemu hizi na njia za misafara kutoka pwani, kisha na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliokaa karibu na Boma la Wajerumani. Mitaa ya hapa inakumbuka: kuna Mtaa wa Waswahili, kuna Barabara ya Wasomali. Walikuwa watu wa safari na biashara, na chakula chao ni cha watu wa namna hiyo, chenye viungo vilivyopita bandarini.

Mimi si Muislamu, hivyo wakati wa hotuba nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa. Alikuwa na dele la shaba juu ya jiko dogo la mkaa na vikombe vidogo visivyo na masikio kwenye ndoo ya maji. Hana haja ya kuita wateja: anagonganisha vikombe viwili mkononi, mlio unafika hadi kona. Kahawa yake ni chungu kabisa, yenye tangawizi, na pembeni anauza kashata za karanga za kuitolea uchungu. Nilimuuliza kahawa anatoa wapi. Akaelekeza kidevu mlimani. Nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nimeipita mibuni asubuhi. Kinywaji ambacho kina namna yake ya Kiarabu na ya pwani kilikuwa kimeota mteremko ule wa Ilboru.

Swala ilipokwisha ustadhi mmoja aliniruhusu kuingia, viatu mkononi. Alinionyesha kibla, mimbari, mahali pa kutawadhia, akajibu maswali yangu yote bila haraka, halafu akanipeleka mwenyewe kwenye hoteli ya jirani kula pilau. Ilikuwa pilau ya Ijumaa, ya rangi ya udongo, nyama ikiwa imeshikamana na mfupa, kachumbari yenye ndimu nyingi na ndizi mbivu pembeni. Sinia tuligawana na watu wawili ambao sikuwajua. Mmoja wao alikuwa fundi wa magari kutoka Ngarenaro, Mkatoliki, ambaye hula hapo kila Ijumaa kwa sababu, alisema, pilau ya siku nyingine si hii.

Kutoka msikitini hadi mahekalu ya Wahindi ni mwendo mfupi. Reli ya kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929, na maduka ya jumla, cherehani, karakana na mashine za kusaga vilishamiri pamoja nayo. Jumuiya za Kihindi zilizoshika biashara hizo zilijenga nyumba za ibada kila moja kwa utaratibu wake: Wahindu, Masingasinga, Waismaili na jamatkhana yao, Mabohora, Wakhoja wa Ithnaasheri. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi, Uzunguni huku, Uhindini kule, Waafrika ng'ambo, na mipaka hiyo ilikuwa na nguvu ya sheria. Kwa miguu, leo, unaivuka kwa dakika chache bila kujua umeivuka.

Katika hekalu la Wahindu nilivua viatu, nikanawa mikono, nikagonga kengele mlangoni kama nilivyoelekezwa. Sakafu ilikuwa baridi na safi. Bibi mmoja aliyevaa sari ya pamba alikuwa akipanga maua ya rangi ya chungwa mbele ya Ganesha, moja moja, akilinyoosha kila ua kwa kidole kabla ya kuchukua jingine. Alizungumza Kiswahili cha Arusha hasa, akaniita mwanangu. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo. Ndugu zake wengi waliondoka baada ya Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971, wakaenda Uingereza na Kanada. Yeye na mumewe walibaki. "Nani angefungua hekalu?" aliniuliza, na alitaka jibu. Alinipa kiganjani kipande cha nazi na sukari kilichotolewa kwenye ibada. Barabarani nje, duka dogo lilikuwa likikaanga bajia na kachori, na mbele yake foleni ilikuwa ya wanafunzi, wamachinga na madereva. Bajia zimeshakuwa za kila mtu. Hekalu, nadhani, bado watu wengi wanaona si mahali pao kukanyaga, ingawa mlango uko wazi.

Nilikaa kwenye ngazi za duka lile nikila, na nikawaza Yanaka. Ni mtaa wa Tokyo ambao kwa sehemu kubwa ulinusurika tetemeko la ardhi la 1923 na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, ukabaki na mahekalu mengi ya Kibuddha kati ya nyumba za kawaida na maduka madogo ya vyakula. Watu huenda kuutembea tu. Katika mahekalu mengi ya Japani mgeni huja na kijitabu, akapigiwa mhuri na kuandikiwa kwa wino jina la mahali na tarehe. Mtaa kama ule haukuhitaji simba wala theluji ya Kilimanjaro ili watu wauheshimu. Ulihitaji wakazi wanaoamini kwamba nyumba zao za ibada na vijiko vyao vinastahili siku nzima ya mgeni.

Sisi tunavyo hivyo vyote, na tunayo sababu moja nzito zaidi ya kuvitunza. Tarehe 5 Mei 2013, siku ya kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Olasiti, bomu lilirushwa katikati ya waumini. Watu watatu walikufa, makumi wakajeruhiwa. Viongozi wa Kiislamu walilaani kitendo kile pamoja na maaskofu. Niliyakumbuka hayo kwa sababu fundi yule wa Ngarenaro alikuwa ameyataja mwenyewe juu ya sinia la pilau. Alisema baada ya Olasiti alikaa wiki chache bila kuja Bondeni, kwa hofu ya kutazamwa vibaya. Aliporudi, mwenye hoteli alimpakulia kama kawaida na kumuuliza alikuwa wapi. Naamini amani ya mji hutengenezwa na mambo ya kadiri ile: mtu anajulikana kwa uso, akikosekana anaulizwa.

Jua liliposhuka nilimalizia Mtaa wa Msikiti, kwa Khan. Mchana ni duka la vipuri vya magari. Jioni majiko yanatolewa nje, mkaa unawashwa, na kuku wanaanza kugeuzwa. Watu wa mji wamezoea kuwaita kuku wa kwenye boneti. Niliketi karibu na jiko ili nione kazi. Kijana wa kuchoma alikuwa na brashi iliyozama kwenye bakuli la viungo vyekundu. Anapaka, anageuza, anasubiri mafuta yadondoke na moshi upande, anapaka tena. Mishkaki iko ukingoni mwa jiko penye moto mdogo, kuku yuko katikati. Mezani wanapanga kachumbari, viazi, ndizi, mchuzi wa ukwaju na pilipili ambayo inafaa kuheshimiwa. Hapo niliwaona walioshuka ofisini, familia za Kihindi zenye watoto, mabinti wa chuo, watalii wachache waliopewa habari na dereva wao, na vijana wa toyo wakinunua vya kubeba. Chakula chenye asili ya Bara Hindi, mtaa wenye jina la msikiti, mkaa wa Kitanzania, wateja wa kila madhehebu niliyopita siku ile. Nilikula nikijua kila kiungo kimepita njia gani kufika pale.

Anayetaka kufuata njia hii aanze mapema, kabla joto halijapanda, na achague Ijumaa au Jumapili, siku ambazo nyumba za ibada zina watu. Avae nguo za kufunika magoti na mabega, achukue kitambaa cha kichwa kwa ajili ya hekalu la Masingasinga, na viatu vinavyovulika haraka. Asipige picha kabla ya kuomba. Jamatkhana haipokei wageni wakati wa ibada, na hilo ni haki yao. Aitazame kwa nje aendelee. Aamkie kwanza, aeleze shida yake baadaye. Na asishibe Sakina.

Kwa Jiji na kwa viongozi wa dini nina ombi moja. Wekeni kibao kidogo mlangoni pa kila moja ya nyumba hizi, kwa Kiswahili: ilijengwa na nani, walikuwa wakifanya kazi gani, mgeni anakaribishwa saa ngapi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bango moja la utalii pale uwanja wa ndege. Shule zilete watoto, kama yule mwalimu wa Kaloleni alivyoleta wake, lakini zisiishie makumbusho; ziwapitishe msikitini, hekaluni na kanisani, na ziwanunulie bajia njiani. Mtoto aliyewahi kuvua viatu mlangoni pa jirani yake na kupewa kitu cha kutafuna ni vigumu kumshawishi baadaye kwamba jirani huyo ni adui.